Kumkondesha Fuso

"Kengele imelia, wewe ulikuwa wapi?"

"Kilimani, mwalimu."

"Kilimani unafanya nini?"

"Nasukuma baiskeli."

Watoto waliokuwa wamepanga mstari na vikombe vyao wakaangua kicheko, na hata Mwalimu Edwin, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, aligeuka pembeni akajikohoza. Odilia Mapunda alisimama pale jasho likimchuruzika, mikono yote miwili imeshika hendeli ya baiskeli iliyomzidi umbo, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mtu mzima, mama wa binti wa sekondari, anachekwa na vitoto vya darasa la pili ambavyo bado vinafutwa kamasi! Jamani, kuna aibu nyingine haina pa kuwekwa.

Mwalimu mkuu huyo alihamia Songea kutoka Musoma, na sauti yake hata akikusalimia utadhani mnagombana. Hakuwa mtu mbaya. Ila saa alikuwa ameioa.

"Nakuambia hapa mbele ya Dorine, ili kesho usiseme hukuambiwa," alisema, na Dorine, mpishi mwenzake Odilia, akainamia sufuria akijifanya hasikii. "Kamati ya wazazi inakaa Ijumaa ijayo kuamua kama unaajiriwa moja kwa moja au unaachwa. Kengele ya asubuhi ikikukuta nje ya geti hata siku moja kabla ya hapo, mimi sitakutetea. Wanaoitaka hiyo nafasi wamejaa ofisini kwangu."

"Nimesikia, mwalimu."

"Haya, washa moto. Watoto wana njaa."

Akawasha moto. Moshi nao ulimsaidia, maana mtu akitokwa machozi jikoni hakuna anayemuuliza kitu.

*

Nyumbani kwake ni Mletele, na kutoka Mletele hadi shuleni pale ni safari ya mtu mwenye baiskeli. Kwa miguu utafika watoto wameshakunywa uji na kuosha vikombe. Kwa bodaboda utafika upesi, lakini mshahara wote utamwachia mwenye bodaboda. Tambarare Odilia aliimudu vizuri tu. Kilichomshinda ni kile kilima cha mwisho, ambacho wenyeji wamekiita Toa Ulimi, na sababu ya jina hilo haihitaji maelezo. Hapo alikuwa anashuka na kusukuma.

Sasa baiskeli yenyewe. Ilikuwa ya mumewe, Rupert Ngonyani, na Mletele nzima iliijua kwa jina la Fuso, kama lile lori. Rupert alikuwa mbebaji: mahindi, mkaa, saruji, makabati, siku moja hata mgonjwa na godoro lake. Magunia matatu ya mahindi hadi soko la Lizaboni, na njiani anapiga mluzi. Ili Fuso aiweze kazi hiyo, Rupert alikuwa amemvisha vyuma mwili mzima. Keria ya nyuma ilitengenezwa kwa vyuma vya kitanda. Stendi ilikuwa ya miguu miwili, ukiikanyaga inakurudi. Nondo zilichomelewa kwenye fremu, na nyingine kwenye uma wa mbele, ile miguu miwili inayolishika gurudumu. Juu ya hayo kulikuwa na madigadi mbili, kava la mnyororo, dainamo, taa tatu ambazo hakuna hata moja iliyokuwa inawaka, na honi ya gari. Gia ilikuwa moja tu, ile aliyozaliwa nayo.

Kisha Rupert alianguka kutoka juu ya lori la mbolea akipakua mifuko. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo alikuwa mtu wa gongo, anashinda barazani akipukuchua mahindi na kuitazama barabara. Fuso akaachiwa Odilia. Ada ya Ida, binti yao pekee aliyekuwa anasoma bweni upande wa Hanga, ikawa inatoka kwenye mwiko wa uji.

Jioni ile Odilia aliibwaga baiskeli ukutani kwa hasira mpaka honi ikalia yenyewe.

"Polepole na Fuso, Mama Ida," Rupert alisema.

"Huyo Fuso wako ananifukuzisha kazi."

"Fuso? Fuso hajawahi kumwangusha mtu."

"Haniangushi! Ananisukumisha. Leo nimechekwa na watoto, Baba Ida. Watoto wa darasa la pili. Na Ijumaa ijayo, nikichelewa tena hata mara moja, nafasi anapewa mwingine. Tutamrudisha Ida nyumbani aje kupukuchua mahindi na wewe."

Rupert akarudia mahindi yake. Ndani, Bibi Hilda, mama yake mzazi, alikuwa anapepeta unga. Aliacha ungo akatoa kichwa mlangoni.

"Si muyatoe hayo machuma? Baiskeli gani imevaa utadhani inakwenda vitani."

"Mama, hayo machuma ndiyo yaliyokulisha."

"Nilishiba, mwanangu, asante. Sasa muache mwenzio apande kilima."

Usiku huo Rupert hakula. Ugali ulipoa na likolo lake, ile mboga ya maboga anayoipenda, na hakuna aliyembembeleza. Asubuhi, Odilia alipotoka na ndoo ya maji, alimkuta mumewe ameketi kwenye mkeka uani, mguu mbovu ameunyoosha, spana mkononi. Honi ilikuwa imeshatolewa.

"Honi kwa kweli haina kazi," Rupert alisema, kana kwamba kuna mtu alikuwa anabishana naye.

*

Kuna watu wakianza jambo hawajui kulifanya nusu. Rupert alisema kupunguza bila kupima ni kubahatisha, na mzani wa karibu ulikuwa wa Thadei, mnunuzi wa mahindi, unaoning'inia nje ya ghala lake. Wakaongozana: Rupert na gongo, Odilia akisukuma Fuso, Bibi Hilda nyuma, maana jambo lolote linalokusanya watu yeye halikosi. Ilikuwa Jumamosi, pale ghalani watu tele. Wakamtundika Fuso kwenye ndoano, mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia.

"Ishirini na tatu," Thadei alisoma.

"Ishirini na tatu tu!" Rupert akapiga gongo chini. "Mama Ida, unaona? Mwenzangu huyu anasingiziwa!"

"Rupert, mwanangu," Bibi Hilda alisema, "huo si mzani wa Thadei? Gunia langu lililonivunja mgongo, hapo lilionekana mto wa kulalia."

Watu wakacheka. Thadei akajitahidi kucheka nao.

"Bibi, shikamoo. Usiniharibie biashara."

"Marahaba. Niharibu nini, na umeshaiharibu mwenyewe?"

Rupert hakuwa anacheka tena. Alimsogelea Thadei, akashusha sauti, lakini Rupert akishusha sauti bado mtaa wa pili wanasikia.

"Thadei, ndugu yangu, mimi leo sijaleta mahindi. Hii ni kazi ya mke wangu. Nataka uzito wa kweli."

Thadei alimtazama Rupert, akamtazama Odilia aliyekuwa amejifunga kanga mbili akisubiri, akakuna kichwa. Moyo wa mtu hauna mfuniko.

"Basi subirini," alisema, "nikalete ule mwingine."

 Suzana, muuza vitumbua, ndiye aliyewahi.

"Mwingine?"

"Kumbe ipo miwili!" mzee mmoja akapaza sauti, na hapo ghala zima likalipuka. Wa kununulia na wa kuuzia! Wengine walishika mbavu kwa kicheko, wengine walikuwa wanakumbuka magunia yao ya mwaka jana na hawakucheka hata kidogo. Thadei alitoka na mzani wa pili shingo imelowa jasho, akamtundika Fuso kwa mikono yake mwenyewe bila kumwangalia mtu.

Thelathini na nne.

Odilia alishika kichwa. Thelathini na nne! Alikuwa anasukuma zaidi ya nusu mfuko wa saruji kila asubuhi, na yeye ndiye aliyekuwa anaitwa mvivu. Tangu siku hiyo Thadei alinunua kwa mzani ulio sawa, angalau pale Bibi Hilda anapokuwa karibu.

*

Fundi wa kuchomelea alikuwa Salum, Myao wa Tunduru, kijana mtulivu mwenye karakana kando ya barabara na pikipiki yake mwenyewe ameiegemeza nje. Alimzunguka Fuso mara kadhaa, akaguna.

"Kaka Rupert, hii umeipenda kupita kiasi."

"Kata, Salum. Nisije nikabadili mawazo."

"Bismillahi," Salum alisema, akawasha grenda.

Cheche zikaruka. Ya kwanza kudondoka ilikuwa stendi, na Rupert akafumba macho. Ilipodondoka keria alishika ukuta, na Odilia akaona wazi kwamba mumewe anaumia, akataka kusema basi, yatosha, nitaamka mapema zaidi. Lakini wakapeleka vyuma vile mzanini, na Thadei, ambaye sasa alikuwa mwaminifu kuliko padri, akasoma: Fuso amepungua kilo saba! Rupert alitoa macho.

"Saba?"

"Saba kamili, na chenji."

Ndipo ule wazimu ulipoanza. Kava la mnyororo, toa. Dainamo na taa zake tatu za uongo, toa. Madigadi zote mbili, toa, mvua ikinyesha atajipangusa. Nondo za fremu, kata. Kila jioni Odilia alikuta baiskeli imekonda zaidi na mume amenenepa furaha. Rupert alirudi kuongea. Alirudi kula, akaomba na ukoko. Aliwaeleza wapita njia habari za kilo na gramu mpaka wengine wakawa wanazunguka nyuma ya nyumba wasikutane naye. Odilia alikuwa amesahau kwamba mwanaume huyu akicheka anapiga paja, na siku aliposikia lile kofi la paja kutoka jikoni alisimama na mwiko mkononi akasikiliza tu.

Si wote waliofurahi. Suzana alikuwa na desturi ya kumpa Odilia ndoo ya vitumbua ampitishie kwa dada yake anayeuza karibu na shule, na ndoo ile ilikuwa inakaa kwenye keria.

"Sasa vitumbua vyangu vitapandia wapi?" aliuliza, mikono kiunoni.

"Mama jirani, nisamehe, ni hadi Ijumaa tu."

"Sawa, mwajiriwa. Umeshakuwa mtu wa juu." Siku iliyofuata alimpita Odilia bombani bila salamu, na Odilia akachota maji uso umemshuka.

Na Rupert naye akazidisha. Jioni moja alitaka kutoa breki zote mbili.

"Kupanda hakuhitaji breki," alieleza, kwa sauti ya mtu aliyekaa na jambo akalifikiri.

"Na kushuka nishuke na nini, Baba Ida? Na rozari?"

Ya mbele ikatoka, ya nyuma ikabaki. Kesho yake akapima ndala za Odilia, akapima kanga zake, akasema ile ya pili haina ulazima. Halafu, akiwa amesimama pale kwa Thadei mbele ya watu, akamgeukia mkewe huku anaitazama ndoano.

"Mama Ida, na wewe hebu shika hapo kidogo tuone…"

"Rupert!" Odilia hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake tangu walipooana. "Mimi si gunia."

Wanawake waliokuwepo wakapiga vigelegele, na Rupert akainamisha kichwa. Usiku ule aliomba radhi mara nyingi kiasi kwamba Bibi Hilda, aliyekuwa chumba cha pili, aliwaambia walale.

*

Lakini, wee, kilima! Jumanne Odilia alikifikia Toa Ulimi akiwa juu ya baiskeli, akasimama kwenye pedeli, akapita jiwe la kwanza, akapita mti uliopigwa radi, pumzi zikamwishia karibu na kona. Jumatano aliipita kona. Alhamisi alipanda chote! Chote, hadi getini, na kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyekuwa anaona, alipiga kelele ya furaha kama msichana. Dorine alitoka jikoni mbio akidhani kuna nyoka.

"Nimepanda, Dorine! Sijashuka!"

"Acha!"

"Haki ya Mungu!"

Wakakumbatiana pale na unga wa uji mikononi. Mwalimu Edwin alipita, akaangalia saa yake, akaangalia baiskeli, akatikisa kichwa kuonyesha ameona. Zawadi kubwa kuliko hiyo mtu wa Musoma hatoi.

Rupert alipopewa habari jioni alimwita mama yake, akamwita Thadei, akampigia simu binti yao kupitia kwa matroni. Lakini kesho ilikuwa ndiyo Ijumaa yenyewe, na kuna kitu kilikuwa kimebaki: nondo za uma wa mbele. Akamchukua Fuso mwenyewe, akakokotana naye na gongo lake hadi kwa Salum kabla hajafunga.

"Hizi tungeziacha, kaka," Salum alisema. "Uma ni shingo ya baiskeli. Nani alizichomelea?"

"Fundi mmoja wa Madaba, zamani."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya magunia, Salum, kwani kwa ajili ya nini? Sasa hakuna magunia. Kata. Kesho nataka apande anaimba."

Salum akakata, akasugua, akapuliza rangi nyeusi, na shingo ya Fuso ikang'aa. Mzanini, kilo kumi na saba na nusu. Nusu ya Fuso ilikuwa imelala uani chini ya mwembe ikingoja mnunuzi wa chuma chakavu. Odilia akanyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, akaishusha, akainyanyua tena, hakuamini. Walilala wakiwa na furaha kuliko siku ya harusi yao, maana siku ya harusi mvua ilinyesha.

*

Ijumaa asubuhi Odilia alikuwa ameshaondoka kitambo Suzana alipobisha hodi uani. Alikuja bila ndoo, sauti ya chini.

"Baba Ida, za asubuhi. Nimemnunia mkeo bure. Nimekuja pia kuomba kipande cha chuma, jiko langu la vitumbua limevunjika mguu."

"Karibu, jirani, vyuma ndiyo mali yetu." Rupert alikuwa na moyo mweupe asubuhi ile, angempa mtu hata paa la nyumba. Akaokota nondo moja iliyokatwa jana. "Hii itakufaa, fupi na nene."

Akaigeuza ili ampe. Upande wa ndani, kwa chini, kulikuwa na uvimbe mkubwa wa kuchomelea umezunguka kama pete. Mtu hachomelei hivyo kwa ajili ya magunia. Mtu huchomelea hivyo kuunga kitu kilichovunjika.

Na hapo ikamrudia. Barabara ya Njombe, karibu na Madaba, shimo ambalo hakuliona, magunia matatu mgongoni kwa Fuso, na uma wa mbele ukapasuka karibu ukatike. Yule fundi alimwambia, akimnyooshea kidole: Kuanzia leo, ndugu, uma wako ni hii nondo, siku yoyote usije ukaitoa. Miaka imepita, rangi imepakwa juu, sifa za magunia zikafunika yote. Na juzi hii furaha ikafagia kilichobaki.

"Yuwi! Mama Ida!"

Nondo ilianguka kwenye mguu wa Suzana. Rupert alikuwa ameshaanza kwenda, gongo ameliacha, anarukaruka kwa mguu mmoja kuelekea barabarani akimwita Salum, akimwita Mungu, akimwita Salum tena.

"Pikipiki! Salum, pikipiki! Nimemuua mke wangu!"

*

Wakati huo Odilia alikuwa kwenye Toa Ulimi anaimba. Kweli kabisa, alikuwa anaimba, wimbo wa kwaya ya parokia, sehemu ya sauti ya pili ambayo huwa inamsumbua. Alimpita Mzee Kajetani aliyekuwa anasukuma baiskeli yake ya maziwa.

"Shikamoo, mzee! Nisamehe sishuki!"

"Marahaba, mwanangu. Nenda, nenda, wenye miguu mnatakiwa kwenda!"

Jiwe la kwanza. Mti wa radi. Kona. Watoto wa shule waliokuwa wanapanda kwa makundi wakapisha njia na kumshangilia. Akasimama kwenye pedeli, akaegemea hendeli kwa uzito wake wote, na papo hapo akasikia mlio mkavu, na hendeli ikamfuata mkononi.

Alianguka kwa kiwiko na goti. Kwa kuwa alikuwa anapanda, na polepole, alianguka kama mtu anayekaa vibaya, basi. Gurudumu la mbele lilijiendea peke yake mtaroni. Kiwiko kilivuja damu. Odilia alikaa barabarani akauangalia uma uliokatika, akaona kutu ndani yake. Kisha akalia. Hakulia kiwiko. Alilia Ijumaa, alilia Ida, alilia kile kipande cha kilima kilichobaki, kifupi tu, na kengele ambayo ingelia wakati wowote.

Mzee Kajetani akamfikia.

"Pole, mwanangu. Iache hapo, ukimbie. Utaifuata mchana."

Angefanya hivyo mtu mwenye akili. Lakini ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake, na alikuwa anamtazama Fuso bila kupepesa. Odilia akawaza mikono ya Rupert kwenye ule mkeka, na kofi la paja.

"Siiachi."

Akafungua kanga ya pili, ile iliyosemwa haina ulazima, akaizungusha ngata. Akainama, akashika fremu, akanyanyua, na baiskeli ikaenda kichwani kwa pumzi moja. Akangoja uzito umshukie. Haukushuka. Debe la maji la usichana wake lilikuwa zito kuliko hii! Mzigo wa kuni wa msitu wa Matogoro ulikuwa mzito kuliko hii na mtoto mgongoni! Akaanza kucheka huku machozi bado yanatiririka.

"Wewe, niletee hilo gurudumu!" akamwambia mtoto wa karibu, kisha akakimbia.

Toa Ulimi hakijawahi kuona jambo lile. Mama mzima, damu kiwikoni, baiskeli kichwani gurudumu la nyuma likizunguka angani, na nyuma yake kundi la watoto wanaimba: "Leo baiskeli imempanda mpishi! Leo baiskeli imempanda mpishi!" Bodaboda zilisimama. Mtu mmoja alitoa simu apige picha akachelewa, mama ameshapita.

Getini Mwalimu Edwin alikuwa anatazama saa. Mwanafunzi wa zamu alikuwa ameinua chuma mbele ya rimu kuukuu inayotumika kama kengele, anangoja ishara. Mwalimu akamwona Odilia akija. Mdomo ulimwachama, lakini mkono ukashuka kwa wakati wake, kwa sababu wakati ni wakati.

Ngaaa!

Odilia alisimama palepale, katikati ya geti. Miguu ilikuwa ndani. Kichwa kilikuwa ndani. Gurudumu la nyuma lilikuwa bado nje.

 Dorine ndiye aliyesema, kutoka mlangoni mwa jiko:

"Mwalimu, mpishi ameingia. Gurudumu ndilo lililochelewa."

Mwalimu Edwin akaliangalia gurudumu, akauangalia mstari wa geti, akaiangalia saa yake aliyoioa. Akatafakari kwa haki, maana hakujua kutafakari kwa namna nyingine.

"Gurudumu halikuomba kazi," alisema. "Ingia, mama. Mchana utakuja mbele ya kamati, na mimi nitawaambia nilichokiona. Ila osha hiyo damu kwanza."

*

Rupert aliteremshwa kwenye pikipiki mlangoni mwa jiko, bila gongo, ameshikwa kwapani na Salum. Njiani walikuwa wameona damu kwenye lami, na Mzee Kajetani aliwaambia mama amepanda, lakini Rupert hakuelewa amepanda nini wala kwa vipi. Sasa alimwona mkewe amesimama kwenye moshi anakoroga uji, kiwiko kimefungwa kitambaa, na Fuso ameegemezwa kwenye kuni bila gurudumu la mbele.

"Mama Ida." Rupert alishika nguzo ya mlango. "Uma ulikuwa na ufa. Wa zamani. Nilifurahi mno, nikasahau."

"Najua. Nimeona kutu ndani pale ulipokatikia. Ufa wa leo hauna kutu."

"Nisamehe."

"Ningekuwa nashuka badala ya kupanda, saa hizi ungekuwa unaninunulia sanda."

 Salum akatazama pembeni. Dorine aliacha kukoroga. Odilia alichota kikombe cha uji, akampa mumewe, akamwonyesha gogo la kukalia. Rupert akakaa, akanywa kidogo. Akamwangalia Fuso. Akamwangalia mkewe. Akamwangalia Fuso tena.

"Mama Ida."

"Nini?"

"Ulipoibeba… ilikuwa nzito?"

"Wanaume jamani!" Dorine alisema.

Odilia akainua mwiko, na wote walidhani leo mtu anapigwa mbele ya shule nzima. Lakini mwiko ulibaki juu, ukadondosha uji chini, na yeye mwenyewe akaanza kutikisika kwa kicheko, kicheko kilichoanzia mbali, mpaka ikabidi ashike nguzo ya jiko.

"Kutoka konani hadi hapa," alisema alipopata pumzi, "sikutua hata mara moja. Hata mkono sikuishikia."

Rupert akaweka kikombe chini. Akafunika uso kwa viganja, na mabega yake, yale yaliyobeba magunia ya watu miaka yote ile, yakaanza kutetemeka mbele ya mstari mzima wa watoto wenye vikombe.